Rudisheni Joto Alilolitoa Fundi Opondo

Kiplombe, Eldoret

Kwa Mzee Kipyego, Mwenyekiti wa Mafundi wa Gereji,

Salamu kwako na kwa mikono yote yenye grisi hapo. Naandika kwa heshima, nikiwa nimevaa makoti mawili.

1. Gari langu lilikuwa linachemka. Fundi wenu Opondo akafungua injini, akatoa temostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto, akakitupa. Alisema, "Hii kitu ni ya Ulaya, boss. Huku Afrika hakuna baridi." Aliyasema hayo asubuhi ya Julai, amevaa kofia ya mavin mpaka masikioni.

2. Tangu hapo injini haipati moto, na hita inatupulizia upepo wa baridi kama wa Burnt Forest. Kiyoyozi changu kilikufa zamani, lakini sasa kimepata mrithi.

3. Mama mkwe wangu, Mama Perez, amekuja kutoka Turbo kutibiwa magoti. Nikimpeleka hospitali hukaa kiti cha nyuma na blanketi, meno yakigongana. Anaamini namgandisha ili arudi kwao. Siwezi kujitetea, maana kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Mke wangu Linah ndiye hupeleka ujumbe, naye hupenda kufupisha. Nilipoeleza habari za temostati, mama aliambiwa tu kwamba joto lilitupwa makusudi. Ameanza kufunga mizigo. Inaniuma, kwa sababu nampenda.

4. Kwa hiyo Opondo arudishe temostati, kisha atafute rejeta inavuja wapi, maana huko ndiko kuchemka kulikoanzia. Ikishindikana, chama chenu kiihamishe Eldoret hadi Mombasa, ambako maneno yake yatakuwa kweli. Hilo nalo likishindikana, Opondo mwenyewe akae kiti cha nyuma kama hita. Amenona, atafaa.

Nisalimie mafundi wote, na mama wa chai hapo langoni.

Wako, nikitetemeka kwa adabu,
Walubengo (Baba Sylvia)

N.B. Leo asubuhi, kwa kukosa hita, kioo cha mbele kilijaa ukungu nisione kitu. Mama Perez, aliyekuwa amepangusa dirisha lake kwa blanketi, akasahau desturi akapiga kelele, "Wewe Baba Sylvia, simama! Ng'ombe!" Nikasimama, ng'ombe akapita. Nikamwambia asante mama, naye akajibu. Tuliongea mpaka hospitali, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Mizigo ameifungua. Mzee, temostati msirudishe. Tena Opondo akipata nafasi, aje atoe na waipa za kioo.