Upande wa Nje wa Bi Mdogo

Jumatano, 4 Machi

Daktari wa macho ametoa tarehe. Alhamisi ijayo mke wangu anaondolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Atalala hospitali usiku mmoja, na Ijumaa asubuhi anafunguliwa bandeji. Nimefurahi mpaka nimejidunga kidole kwenye cherehani. Miaka mitatu anaishi kwenye ukungu, ananitambua kwa kikohozi.

Furaha haikumaliza chai. Shemeji alikuwepo. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, ana gereji yenye kuta na paa, na ana mdomo. Akasema kwa kuwa dada yake sasa ataona, basi alitazame lile gari letu kwa macho yake mwenyewe, aamue kama ni la kubaki au la kukatwa liuzwe chuma chakavu. Mke wangu akasema sawa. Miaka yote hii mumewe anamwambia gari linang'aa, na mdogo wake anamwambia ni maiti. Ijumaa hiyo atajua nani kati yetu ni mwongo.

Ni mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Sikushona kitu leo. Wateja wawili wamekuja kufuata suruali zao, nimewaambia umeme ulikatika. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu.

Niandike ukweli mahali pamoja, angalau humu. Gari tulilinunua mwaka aliozaliwa binti yetu wa kwanza. Watoto wote watatu wametoka hospitali wakiwa ndani yake. Mke wangu ndiye aliyelibandika jina Bi Mdogo, kwa sababu kila tukikosana mimi huenda kukaa huko. Kila asubuhi, nikianza kazi kibarazani, ananiuliza kutoka kwenye kigoda chake: Bi Mdogo vipi leo? Na mimi namwambia anang'aa, bluu yake ile ile.

Nilianza uongo huo siku aliyoshindwa kutunga uzi sindanoni. Ndiye aliyekuwa akinitungia tangu tuoane, mimi na sindano hatujawahi kuelewana kwenye tundu. Siku hiyo alijaribu mara nane, akaiweka chini, akalia. Nikataka awe na kitu kimoja ambacho hakijafifia. Nikamwambia Bi Mdogo anang'aa. Kesho yake akauliza tena. Ningefanya nini?

Basi leo nimezunguka gari nikiwa na kalamu. Boneti ina kutu rangi ya matofali. Bampa imefungwa kwa waya wa pazia. Rejeta inavuja, breki zinalia. Mlango wa nyuma, upande wa dereva, si wetu kabisa: wetu ulidondoka njiani, na huu ulitoka kwenye gari la kusambaza mikate. Mweupe, na maandishi yake yapo. Mkanda wa feni nimeutengeneza mwenyewe kwa ngozi ya mkanda wa suruali, mshono mara mbili, na viti nimevishona upya. Kwa hayo mawili sioni haya mbele ya mtu yeyote.

Siku nane. Kumpelekea Shemeji, kamwe.

Ijumaa, 6 Machi

Rejeta. Mteja wangu dereva wa teksi alinieleza kwamba ute wa yai ukiumwaga ndani, unaiva na kuziba tundu lenyewe. Nikaweka mayai matatu, na viini vyake, ili kazi iwe imara.

Imeziba. Imeziba kila kitu, mpaka njia ambazo maji yalitakiwa kupita. Bi Mdogo akaanza kutoa mvuke. Mke wangu akauliza kutoka ndani ni nani anapika mayai bila kumwita. Nikamwambia ni majirani. Akasema majirani hao wako karibu sana.

Mchana kutwa nimechokonoa vipande vya mayai kwa sindano ya kufumia. Mwishowe nimenunua gundi ya chuma, dakika kumi, kazi imekwisha. Ningeweza kuinunua asubuhi.

Jumapili, 8 Machi

Rangi. Nilimwonyesha muuza rangi kifuniko cha tangi la mafuta, upande wa ndani, ambako bluu ya zamani haikuwahi kupigwa na jua. Akachanganya mpaka ikafanana. Nilipoiona kwenye kopo moyo ulinipiga kidogo. Nilikuwa nimeisahau. Miaka mitatu naisimulia bluu ambayo mimi mwenyewe siikumbuki.

Tatizo: kopo nililoweza kulinunua linatosha nusu ya gari.

Nikakaa juu ya kopo nikafikiri kama fundi cherehani. Suti nzuri ina upande wa nje na ina bitana. Upande wa nje unapigwa pasi, bitana unaijua wewe na mbavu zako. Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia koti kwa sababu ya bitana. Basi Bi Mdogo naye atakuwa na upande wa nje, ule anaopandia mke wangu. Hospitali nitaegesha upande huo ukitazama mlango. Nyumbani nitaegesha upande wa pili ukigusa ukuta. Kati ya hospitali na nyumbani yeye yuko ndani. Nimelipitia jambo hili mara tatu, sioni linapovuja.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepiga msasa tangu asubuhi. Mke wangu akauliza sauti gani ile. Nikasema nalainisha kola ya koti. Akasema huyo mwenye koti ana shingo ngumu.

Jioni nimepaka mkono wa kwanza. Pazuri mno! Nimesimama upande ule ule nikitazama mpaka shingo ikauma. Nusu ya Bi Mdogo ina umri wa binti yetu siku ile tuliyomfunga kanga tukamleta nyumbani.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Haijanyesha wiki tatu, imenyesha leo. Majani yamenata kwenye rangi mbichi, na nyayo za paka, kutoka boneti hadi buti, bila haraka. Nimekwangua, nimepaka tena. Shemeji amepita, amesimama upande ule wa pili, ule wa bitana. Akauliza kama ndiyo hivyo nimemaliza. Nikamwambia gari halihukumiwi kwa upande mmoja. Nimejuta mara tu nilipolisema.

Alhamisi, 12 Machi

Rangi haijakauka, kwa hiyo tumekwenda hospitali kwa gari la Shemeji. Mke wangu alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Aliniomba kitu kimoja tu: kesho nije na Bi Mdogo. Anataka akitoka aone vitu viwili anavyovijua.

Daktari amesema imekwenda vizuri. Nimemshukuru mpaka akaniomba nimwachie koti lake.

Nyumba kimya. Nimejaribu kushona, nimeshindwa kutunga uzi. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha wateja, kile kirefu. Ole wangu. Anasema vitu viwili anavyovijua, na mimi nimehangaika na kimoja. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa na ndevu nyeusi na jino la mbele. Kila akiuliza kama nimezeeka nimekuwa nikimwambia mvi mbili tatu.

Kwenye kabati kuna kopo la rangi ya viatu. Nyeusi. Nimepaka ndevu kidogo kwa mswaki wa zamani. Si mbaya ukiwa mbali.

Ijumaa, 13 Machi

Niandike polepole.

Bi Mdogo aliwaka kwa mara ya tatu tu. Nikafika nusu saa kabla, nikaegesha upande wa bluu ukitazama mlango. Akaja mlinzi. Akasema magari yote yanaingia kinyumenyume, ni utaratibu. Nikamweleza kwamba gari langu lina upande wa nje. Akasema la kila mtu lina pande zote. Nikageuza. Sasa mlango wa hospitali ukawa unatazamana na kutu yote, bampa ya waya, na ule mlango wa mikate. Shemeji alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, ametulia.

Nikaanza kugeuza tena. Gari likazima. Nikashuka, nikaegemea ule mlango nikitanua koti kuufunika. Jua kali. Rangi ya viatu ikaanza kuniteremka shingoni.

Akatoka, ameshikwa na muuguzi. Jicho la kulia wazi, jekundu, linatoa machozi. Akasimama. Hakunitazama mimi. Alitazama pembeni ya kiwiko changu, akakunja uso kama zamani akitafuta tundu la sindano. Kisha akasoma, herufi moja moja, kwa sauti: mikate laini.

Miaka mitatu hajasoma hata jina lake. Sikukumbuka gari tena. Sikukumbuka Shemeji. Nililia pale kwenye maegesho, na mlinzi akageuka upande wa pili.

Akauliza tangu lini tunauza mikate. Shemeji akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa njia. Mke wangu akalizunguka gari pole pole, boneti, bampa, akafika upande wa bluu. Akaweka kiganja. Bado mbichi. Akakitazama kiganja chake cha bluu muda mrefu, kisha akaja akanishika shavu kwa mkono huo huo, akasema nimezeeka vizuri ila navuja.

Nikamwambia yote. Kwamba nimemdanganya kila asubuhi, kwamba mdogo wake alikuwa mkweli. Akaniambia anajua. Siku nilipoufunga ule mlango aliugusa akitafuta kikapu chake, kishikio si chetu. Na yale mayai, hakuna majirani wanaopikia chini ya boneti. Alikuwa akiuliza kila asubuhi kwa sababu alipenda nilivyokuwa namjibu. Asubuhi nyingine ndicho kitu pekee alichokiona siku nzima.

Nampenda mke wangu. Nimeandika, basi.

Hukumu akaitoa hapo hapo. Bi Mdogo anabaki. Breki anatengeneza mdogo wake, na mkanda wa feni unawekwa wa dukani. Mlango wa mikate usiguswe, ni wa kwake. Na mimi niape mbele ya mlinzi kwamba sitamdanganya tena kuhusu gari, wala sitashona tena sehemu yake yoyote inayozunguka. Nikaapa. Mlinzi akasema amesikia.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji amefanya breki jana. Kazi safi, sikatai. Mkanda wangu wa ngozi ameutundika gerejini kwake ili wateja waone. Amesema ni kwa heshima. Sina hakika.

Leo nimechungulia chini. Gurudumu la mbele, mpira unaozuia grisi umechanika. Kwa mtu mwingine huo ni mpira. Kwangu mimi ni mfuko mdogo wa ngozi, mishono kumi na minne, na ngozi ninayo. Unazunguka, ndiyo, lakini unazunguka kidogo. Nadhani kiapo kilikuwa kuhusu vitu vinavyozunguka sana.

Nikampelekea mke wangu sindano na uzi anitungie. Nikasema ni suruali ya mwalimu. Akaitazama ile sindano nene ya ngozi, akautazama uzi wenye nta, akatunga mara moja tu, bila kukunja uso. Tukabaki tumeitazama wote wawili. Kisha akauliza mwalimu huyo anafundisha wapi, hata suruali yake inanuka grisi. Nikasema mwalimu wa ufundi.

Amekivuta kigoda chake mpaka ukingo wa kibaraza, pale ambapo Bi Mdogo anaonekana kutoka upande wa bitana, na kutu yote, na mikate. Akauliza: Bi Mdogo vipi leo?

Nikamwambia anang'aa.

Akasema anaona.