Madigadi Yenye Mnanaa

Jumatatu, 12 Januari
Pikipiki ya marehemu baba imekamilika, isipokuwa madigadi ya nyuma. Ninayo, ila si yake ya kiwandani. Yake ina bawaba katikati: unainua kipande cha nyuma, tairi linatoka. Yangu imekazwa tu. Kersi wa ghorofa ya pili kaliona hilo na kuwatangazia Waparsi wote wa mtaa wetu hapa Bombay. Freny, mke wangu, kasema nisipopata kikombe kwenye maonyesho ya pikipiki za kale Jumapili, pikipiki inatoka sebuleni kwake na kuuzwa kwa Kersi, anayeulizia bei kila wiki. Nimekubali. Mama mkwe alikuwepo, ningefanyaje?

Jumanne, 13
Nimeipata! Iko kwenye roshani ya Shangazi Khorshed, imepinduliwa, imejazwa udongo, imeota mnanaa. Bawaba ile ile. Na chai ya mnanaa huo nainywa miaka yote! Kumwomba? Thubutu. Atamwambia Kersi. Nimemweleza kwamba madaktari wamegundua kutu inapanda kwenye majani na kuharibu magoti. Akanitazama sana. Akasema magoti yake yana miaka themanini, yameshaharibika bila msaada wa mnanaa. Kama unaitaka chukua, mwanangu, si ungesema tu. Nimeibeba na udongo wake, mbio, asije akabadili mawazo.

Alhamisi, 15
Siku mbili za msasa. Nimeondoa kutu, rangi kuukuu, na vinundu fulani kwa ndani vilivyoharibu mng'ao. Chombo cha Mparsi hakitoki nje kichafu. Sasa unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Kuifunga ndiyo kazi. Tundu halikukaa sawa, nikatoboa jingine. Nalo likakosea. La tatu Freny alinishikia, mkono mmoja, mwingine una simu. Tairi linakwaruza upande mmoja likizunguka. Basi lisizunguke.

Jumapili, 18
Kersi kaja na pikipiki kama yangu, ina kutu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikampa pole. Jaji, Bwana Pestonji, akainua bawaba yangu, akatabasamu. Akapapasa kwa ndani, akauliza namba ya kiwanda iko wapi. Namba gani? Ile inayogongwa huku chini, akasema. Vinundu vyangu! Nikamwambia nilisafisha. Akasema, "Bwana Hormuz, umesugua cheti chake cha kuzaliwa."
Kikombe kachukua Kersi, na kutu yake. Nikaenda kulia kidogo nyuma ya muuza aiskrimu ya kulfi.

Jumatano, 21
Kersi kaja kuichukua. Freny kampa chai na keki. Nimeumia, sifichi, baba alinifundisha kuendesha juu ya kiti kile. Kersi akanifariji: usihuzunike, jirani, ukichungulia dirishani utaiona. Kaisukuma mpaka getini, ndipo akarudi kuuliza madigadi ya nyuma iko wapi. Nikamjibu kwamba kanunua pikipiki, na jaji mwenyewe hakuthibitisha kuwa madigadi ile ni ya pikipiki hiyo. Iko kitandani, upande wangu, chini ya blanketi.
Freny anasema sebule imepumua. Kweli, nafasi ipo. Na mimi nina madigadi safi kuliko zote Bombay, bado pikipiki tu ya kuivaa. Shangazi Khorshed anasema mpwa wake wa Nagpur ana pikipiki moja bandani, kuku wanatagia juu yake. Niende tu nikamwombe, hana neno. Kumwomba! Nimeshabuni ugonjwa wa kuku.