Hitilafu kwenye Waya wa Besi

Jumatatu, 7 Machi 2005

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama huwezi, basi nakusihi: neno lisitoke hata moja. Usimwambie Mama Selpher, kiongozi wa kwaya yetu. Usimwambie Ndungu wa kinanda. Zaidi ya yote usimwambie mkuu wangu wa masjala, kwa sababu daftari lenyewe limetoka stoo ya ofisi.

Jioni, mtaani Satellite. Nilisimama kwa Wanjugu, mwenye kibanda cha simu ya jamii, nimpigie mama. Redio yake ndogo, saizi ya nusu mkate, ilikuwa ikicheza kaseti ya kwaya yetu ya mwaka jana. Nikajikaza nikamwambia kwamba mpiga gitaa la besi ni mimi. Akatega sikio. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

"Zadock, iko wapi?"

Nikamwambia asikilize chini ya kinanda. Akasema chini ya kinanda hakuna kitu. "Ama wewe hupiga wenzako wakishamaliza?"

Nyimbo nane. Miezi minne ya mazoezi. Haisikiki hata noti moja.

Na Jumamosi tunarekodi kaseti ya pili kwa Muli, mwenye studio nyuma ya Adams Arcade. Mama Selpher ameshatangaza: besi ikikosa kusikika safari hii, mkono wa kushoto wa Ndungu utaichukua kazi hiyo moja kwa moja, na mimi nitahamia sauti ya tatu. Niliwahi kuimba sauti ya tatu. Niliombwa kwa upole niache.

Jumatano, 9 Machi

Saa ya chakula cha mchana. Sikula. Nilitazama nyuma mara tatu nikivuka Moi Avenue, nikaingia duka la ala za muziki, nikatoka na pedali ya fazi. Ni kisanduku cha bati, kizito kama tofali. Unachomeka gitaa upande huu, waya wa kurekodia upande ule, unakanyaga kitufe, na sauti inakwaruza kama posho mill ya kusaga mahindi iliyokasirika.

Muuzaji alinieleza vizuri. Redio ndogo haina kifua cha kubeba sauti nzito. Lakini ukiikwaruza besi, inaota meno ya juu, na meno hayo redio yoyote inayatoa. Kuna pia ovadraivu, ambayo ni fazi iliyopitia Shule ya Jumapili. Nilitaka ovadraivu. Niliona haya kumwambia abadilishe wakati ameshaifunga ile nyingine.

Alisisitiza jambo moja. Fazi inakula tumbo la besi. Kwa hiyo rekodi mara mbili, chafu na safi, kisha uzilaze pamoja. Akaniandikia yote kwenye karatasi.

Nilipofika ofisini niliigonga karatasi muhuri, nikaipa nambari, nikaifungulia faili. Mazoea tu. Sasa kuitoa nahitaji sahihi ya mkuu, na kwenye fomu sehemu ya "sababu ya kuomba" ina mistari mitatu. Sina sababu ya mistari mitatu.

Jumamosi, 12 Machi

Kwaya nzima ilikuja na sare, majoho ya zambarau na kola nyeupe, ingawa kaseti haina macho. Mama Selpher anasema sauti inajua ulivyovaa.

Studio ya Muli ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani na pazia zito kwenye pembe. Niliweka pedali sakafuni, ukingoni mwa pazia, nikaifunika kwa koti. Tukaomba. Muli akahesabu. Nikakanyaga.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa besi yenye meno. Kwa sekunde kumi hivi nilijihisi mrefu.

Muli akasimamisha kila kitu. Akasema kuna hitilafu mahali.

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja: ni pedali yangu. Nilifungua mdomo, nikaona watu ishirini na wanne wa zambarau wamenigeukia, nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba hata mimi nashangaa.

Muli akanipa waya mwingine, nikaubadilisha mwenyewe chini ya koti. Bado. Akahamisha waya kwenye tundu lingine la miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Bado. Akamwita Kivuva, fundi wa umeme wa lile jengo, naye akaifungua miksa yote na kupanga skrubu juu ya kitabu cha nyimbo. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Sauti ya kwanza wakaanza kuikemea hitilafu kwa maombi. Niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya saa mbili sikuvumilia. Nikaigonga pedali kwa kisigino, ikazima. Wakati huohuo Kivuva alikuwa amekaza skrubu moja ya pembeni.

"Si niliwaambia ni skrubu?" Akapigiwa makofi.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Tulirekodi wimbo mmoja tu, safi, nao ulipochezwa hakuna aliyeisikia besi. Mama Selpher akaamua: gitaa langu lina matatizo, Jumamosi ijayo Ndungu apige besi kwa mkono wa kushoto, na ikitoka vizuri basi ni yake. Kisha akatutazama mmoja mmoja. Akasema akigundua kuna mtu aliyeleta uchafu kwenye kazi ya Bwana makusudi, mtu huyo ataivua sare papo hapo.

Ndungu alinipigapiga begani. "Usijali, mzee. Sauti ya tatu wako na nafasi hapo mlangoni. Hewa ni poa."

Jumanne, 15 Machi

Nimeandika barua ya kuungama. KUH: HITILAFU YA TAREHE 12. Rasimu sita. Ya kwanza ilisema nilifanya. Ya tatu ilisema ilifanyika. Ya sita ilisema kwamba hali fulani ilijitokeza na inachunguzwa. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaifungulia faili.

Saa kumi nikapata wazo. Nimeondolewa kwa sababu hitilafu ilitoka kwangu. Je, ikitoka kwa Ndungu? Watasema kumbe ugonjwa ni wa studio, yule kijana tulimwonea. Nitarudishiwa besi yangu, pengine na kuombwa msamaha. Nitasema si kitu.

Sikupiga chapa chochote tena mpaka ofisi ikafungwa.

Jumamosi, 19 Machi

Nilifika wa kwanza, nikajitolea kupanga nyaya. Muli akasema nina moyo mzuri. Nikachomeka pedali kwenye waya wa kinanda, nikaisukuma nyuma ya pazia. Kisha nikagundua kwamba kisigino changu cha wiki jana kililegeza kitufe. Hakikai bila kushikwa. Ikabidi nibaki huko nyuma, nimepiga magoti, nikikibana kwa vidole gumba viwili.

Ndungu alikuwa arekodi besi peke yake kwanza. Akaanza. Nikabana. Ikakwaruza vibaya. Nikasubiri aibu yake.

Muli akainuka kwenye kiti. "Hiyo. Hiyo ndiyo nimetafuta wiki nzima."

Akaeleza. Ile rekodi iliyoharibika aliipeleka nyumbani, akaicheza kwenye redio ya jikoni ya mkewe, na kitu kilichosikika kuliko vyote kilikuwa besi. Akacheza ile safi, besi ikapotea. Tangu Jumatatu amekuwa akimsumbua Kivuva amrudishie hitilafu. Kivuva ameifungua miksa mara mbili na kulegeza kila alichokaza.

Kivuva, aliyesimama mlangoni, akasema aliwaambia itarudi, ilihitaji tu muda wa kushika.

Ndungu akasema si skrubu. "Ni mkono, wazee. Mkono tu."

Nilitoa kichwa kwenye pazia. Sikuweza tena. Nilikuwa tayari nimesema "Kwa kweli." Mama Selpher akainua mikono, akamshukuru Mungu kwamba haikuwa ujanja wa mtu, maana mfuko wa kutilia sare ya huyo mtu alikuwa ameshaubeba. Kisha akaniona. Akauliza ndugu Zadock anafanya nini huko nyuma kwa magoti.

Nikasema naomba.

Macho yake yakalowa. Akaniambia niendelee, asinisumbue mtu.

Muli akataka kila wimbo upigwe mara mbili, chafu kwanza kisha safi, azilaze pamoja kwenye kompyuta. Neno kwa neno, karatasi yangu iliyo kwenye faili. Nyimbo nane. Nilibana, nikaachilia, nikabana. Kwenye wimbo wa sita kidole kiliteleza katikati ya ubeti, besi ikanyamaza meno halafu ikang'ata tena. Muli akamsifu Ndungu kwa kuthubutu.

Siwezi kushika kalamu vizuri. Vidole gumba vimevimba vyote viwili.

Jumamosi, 9 Aprili

Kaseti imetoka. Nilipita kwa Wanjugu. Redio ileile, nusu mkate. Besi ilitoka, kila noti, wazi kama mtu anayekuita kwa jina.

Wanjugu akamwacha mteja na simu sikioni. "Huyu sasa anapiga. Si kama yule wenu wa mwaka jana." Akasahau kwamba wa mwaka jana ni mimi, au hakusahau. Akaniuliza huyu mpya anaitwaje. Nikasema sijamzoea sana.

Nyuma ya kaseti wameandika: Besi, Ndungu. Umeme, Fundi Kivuva. Maombi, Ndugu Zadock. Nilimsomea mama kwenye simu. Alifurahi, akauliza naanza lini uchungaji.

Nimekaa nikalitafakari jambo hili kwa makini, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa na pedali moja tu.

Uzinduzi ni Jumapili, tarehe 24, mbele ya kanisa zima. Ndungu atapiga palepale, na ule "mkono" wake uko mikononi mwangu. Jana saa ya mchana nilinunua pedali ya pili, kubwa zaidi. Ya kwanza itakaa kwenye kinanda chake, na katikati ya wimbo wa kwanza nitaiachilia. Mkono wake utakufa. Ya pili itakuwa kwenye gitaa langu, litakalokuwa limeegemezwa hapo karibu, kwa bahati tu. Watageuka kutafuta msaada. Nitakuwepo. Karatasi ya maelezo ya hii mpya nimeshaifungulia faili.

Shida ni vidole. Kama umesoma hadi hapa na unaweza kubana kitufe kimoja wakati mimi nashughulikia kingine, nakuhitaji. Usipige simu ya ofisi, mkuu ndiye huipokea. Mpigie Wanjugu, mwambie unamtafuta yule wa maombi. Asipokuwepo, njoo mwenyewe kanisani Satellite hiyo tarehe 24. Pitia mlango wa jikoni. Usimsalimie mtu, na ukisalimiwa sema umeleta viti. Gonga pazia mara mbili. Nikijibu "Amina", niko peke yangu, ingia. Nikijibu kwa sala ndefu, Mama Selpher amesimama hapo. Piga magoti na wewe.