Hema la Sekunde Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu ametoa hukumu asubuhi nikiwa napaka siagi kwenye mkate. Jumamosi familia yake inakwenda kupiga kambi kando ya ziwa, kama kila mwaka, na hema letu la zamani haliendi. Nikauliza lina kosa gani. Akanikumbusha. Mwaka jana nilihangaika na fito kumi na nne tangu saa nane mchana hadi jua likazama. Hema likasimama, lakini fito tatu zikabaki. Akaniuliza hizi za nini. Nikasema za akiba. Tukaangukiwa tukiwa na sahani mapajani, na baba mkwe akatafuna pembe ya turubai kwa muda mrefu akidhani ni ngozi ya kuku.

Kwa hiyo mwaka huu nichague hema jipya, ruhusa ninayo. Lakini kama halijasimama kabla yeye hajamaliza kuvua viatu, anapanda kulala kwa kaka yake.

Kwa Kamanda!

Kamanda ni shemeji yangu. Hajawahi kumwamrisha mtu yeyote, hata mbwa wake. Jina alilipata kwa suruali yake yenye mifuko kumi na mmoja. Sasa amenunua hema la juu ya gari. Linafungwa kwenye paa, linafunguliwa kama kitabu, na unapanda kwa ngazi kama fundi wa antena. Picha yake ameituma mara sita kwenye kundi la familia. Mara ya sita hakubadilisha hata upande.

Mwezi huu tunatimiza miaka ishirini na moja ya ndoa. Kila paa tulilolala chini yake alilichagua yeye, au mwenye nyumba. Hili moja nataka liwe langu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda dukani baada ya kazi. Muuzaji ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na ni mtu wa maswali. Mtalala wangapi? Mahali pana upepo? Sakafu ya hema unaitaka nzito au nyepesi? Mvua ikija? Mimi nilikuwa na swali moja tu: sekunde ngapi?

Akanionyesha aina tatu. Kuna la kupuliza kwa pampu, kama tairi. Kuna la mwavuli, unavuta kamba linanyanyuka. Na kuna la kufyatuka. Hili la mwisho limekunjwa duara kama sinia, unafungua mkanda, unalirusha juu, linashuka likiwa hema. Watu watatu. Sekunde tatu.

Nikamwambia funga.

Akasema subiri mzee, nikuonyeshe kwanza namna ya kulikunja. Nikamwambia bwana, mtu aliyeoa miaka ishirini na moja atashindwa kukunja kitambaa? Akanitazama kwa miwani ya machoni, kisha akashusha ya kichwani akanitazama tena. Nadhani alivutiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kujua kila jalada liko wapi. Leo kwa muda sikujua.

Nia ilikuwa njema. Hema nilikwenda nalo kazini, na wenzangu walipokwenda kula nikasema nilegeze mkanda kidogo, nione rangi ya ndani tu. Paa! Hema lilinitoka mkononi kama lilikuwa linasubiri kuachiwa tangu kiwandani. Likajipachika katikati ya rafu mbili. Majalada yote ya herufi M yakaporomoka. N nayo yakayafuata, kwa ujirani mwema. Mimi nikabanwa ukutani, hema usoni.

Mkuu wa masjala akaingia. Akauliza nani yuko humo ndani. Akauliza tena, sauti ikiwa imepanda. Nikasema ni mimi, mkuu. Unafanya nini? Nikasema nakagua unyevu.

Kisha akasema ni jambo zuri, muda mrefu alikuwa na wasiwasi na ukuta huo, na taarifa aipate Ijumaa.

Nilihangaika saa nzima kulikunja. Karatasi ya maelekezo ina picha sita za mtu anayetabasamu. Katika picha ya tatu ameshika hema zima. Katika picha ya nne ameshika sinia. Katikati ya picha hizo mbili kuna jambo lilitokea ambalo mchoraji ameamua kulisitiri.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, hema limefunguka, nimelibeba kichwani. Watu walinipisha kwa heshima. Mama mmoja akaniuliza maandamano yanaanzia wapi.

Nyumbani nisingeweza kuingia nalo. Mke wangu akiona kwamba linanishinda kabla hata ya safari, nimekwisha. Nikapita nyuma, nikalisukuma juu ya ukuta hadi uani kwa jirani, Mama Cherehani. Kuku wake wakahamia humo papo hapo. Wao walilichagua bila maswali.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Cherehani ni fundi wa nguo za harusi. Nimemkuta ameketi mbele ya hema, anacheka hadi machozi yanalowesha futi yake ya kupimia. Akasema jirani, hiki si ndicho kile kiwaya ninachotia ndani ya gauni la bibi harusi ili litanuke? Akashika kingo mbili, akapinda kama anakamua nguo, umbo la nane, goti hapa, kiwiko pale. Sinia. Ndani ya mfuko.

Nikamwomba arudie taratibu. Akarudia mara tatu. Mara ya nne nikafanya mwenyewe. Waya ukanipiga kidevuni, kuku wakakimbia, na mmoja hadi sasa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Nilimsihi asimwambie mtu, hasa mke wangu. Akajishika kifua: mimi? Jirani, siri za mtaa huu mzima nimezishonea pindo.

Nimepumua. Halafu, nikiwa njiani kurudi, akili ikanijia yenyewe: kukunja ni kazi ya Jumapili! Jumamosi ni kufungua tu. Kwa nini niumie kidevu kwa siku ambayo haijafika? Jumapili itajijua.

Ijumaa, 8 Agosti

Taarifa ya unyevu nimeikabidhi. Kurasa mbili. Mkuu ameisoma amesimama na kunipa mkono. Ukuta utapigwa rangi.

Kisha nimechokoza. Nimeandika kwenye kundi la familia kwamba kesho pawe na mashindano, hema la chini dhidi ya hema la juu, mwamuzi baba mkwe na kikombe chake cha chai. Atakayemaliza kwanza chai ikiwa bado ina mvuke, ndiye bingwa. Kamanda akajibu kwa picha ya ngumi. Kisha akaongeza: shemeji, uje na zile fito tatu za akiba. Baba mkwe akacheka kwa maandishi, kitu ambacho sikujua anakiweza.

Sawa. Nimejikaza kisabuni.

Jioni nimepakia mizigo. Vigingi na kamba nimeviacha nyumbani. Hema la sekunde tatu kuligongea vigingi dakika ishirini ni kulitukana.

Jumamosi, 9 Agosti. Saa kumi na mbili jioni

Naandika ndani ya hema. Niko na baba mkwe, ambaye amelala chali kujaribu godoro na amesema ni zuri.

Nianze na ujanja wangu, maana mengine yote yametoka hapo. Tulifika kwanza sisi. Nikazunguka uwanja wa kambi nikaona mahali penye kivuli kizuri, majani laini, na mteremko mdogo ambao mtu aliyesimama haugundui. Aliyelala ataugundua. Kamanda alipofika nikampungia mkono kwa upendo: shemeji, mahali pako nimekutunzia! Akashuka, akanikumbatia. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kama nusu dakika.

Chai ikamiminwa. Baba mkwe akainua kijiko. Mke wangu akaketi juu ya jiwe, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.

Nikalegeza mkanda. Nikalirusha juu kwa mbwembwe, kama muuzaji alivyofanya. Sekunde moja, mbili, tatu. Likafunguka hewani! Zuri, la kijani, limekamilika. Watu wa kambi nzima wakashangilia. Nikainama kupokea sifa.

Kuinuka, hema halipo.

Dukani hakuna upepo. Ziwani upo. Hema lilikuwa linabingiria kama gurudumu, likapita mahema ya wageni, likapita choo, na mimi nyuma yake, kandambili moja mguuni. Lilisimama kwenye mabomba ya kuoshea vyombo, kwa sababu dada mmoja alilizuia kwa sufuria. Akaniuliza kwa utaratibu kama vigingi vimekatika. Nikamwambia viko nyumbani, vizima kabisa.

Niliporudi, hema kichwani, kijasho chembamba, Kamanda alikuwa ameketi juu kabisa, miguu inaning'inia, anakunywa chai. Mke wangu viatu vyote viwili mkononi. Soksi pia. Hakugomba, heri angegomba. Alisema tu, pole mume wangu, umekimbia vizuri. Akachukua mto wake akapanda ngazi.

Nimelizuia hema kwa mawe manne na madumu mawili ya maji. Baba mkwe amekuja kwangu kwa hiari yake. Amesema tangu azaliwe hajapanda ngazi kwenda kitandani na hataanza leo. Ni mzee mwema, ila siye niliyemkusudia.

Jumapili, 10 Agosti

Mambo!

Jana sijafunga hata daftari nikasikia gari la Kamanda linalia kwaa, kwaa. Kisha kishindo. Kisha sauti ya mke wa Kamanda ikisema baba fulani, umenilalia. Kisha ya Kamanda ikisema si mimi, ni mlima. Walikuwa wamejinyoosha kidogo tu kujaribu malazi, wote watatu wakaporomokea upande mmoja kama majalada ya M.

Mke wangu akashuka wa kwanza. Akasimama mlangoni kwangu, mto kwapani. Akauliza kama pana nafasi. Mimi nikajifanya nafikiri. Nikamsogeza baba mkwe.

Miaka ishirini na moja, na mke wangu akaingia chini ya paa nililolichagua mimi! Akaweka mto, akagusa ukuta wa hema kwa kidole, akasema rangi yake si mbaya. Ningeweza kufa pale pale nikiwa na furaha.

Baada ya dakika tano akaja mke wa Kamanda. Baada ya kumi, Kamanda mwenyewe, na suruali yake, na vyote vilivyomo mifukoni. Hema la watu watatu, tukawa watano. Mimi mwenye nyumba nikawekwa mlangoni. Kiwiliwili kililala ndani, miguu ililala nje. Asubuhi mtunza kambi aliikuta akadhani kuna mtu amesahaulika.

Asubuhi mke wangu alinivuta pembeni. Akasema polepole kwamba ile sehemu ya kaka yake ina mteremko. Nikasema kweli? Akasema na aliyemwelekeza pale ana macho. Nikatazama ziwa. Ziwa zuri sana lile. Nilisubiri maneno makali kama wembe. Badala yake akaanza kucheka, akicheka anashika mkono wangu, na akasema hajawahi kuona mwanaume akimkimbiza mtu au kitu kwa bidii ile kwa ajili yake.

Kisha ukafika wakati wa kukunja. Jumapili ilikuwa haijajijua. Nilipigana na hema mbele ya ukoo mzima. Lilinimeza mara mbili. Kamanda alitoa simu kwenye mfuko wa saba ili apige picha. Ndipo mke wangu akaniambia baba watoto, hebu sogea. Akashika kingo mbili, umbo la nane, goti hapa, kiwiko pale.

Sinia.

Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa Mama Cherehani, Alhamisi jioni, mimi nikiwa naoga. Hema lililobebwa kichwani barabara nzima mchana kweupe, anauliza, nilidhani nani hajaliona?

Kamanda hakucheka. Alikuwa analitazama lile sinia kwa namna ya ajabu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukikanda mgongo.

Jumatano, 13 Agosti

Siku kubwa. Lazima niandike upesi, mke wangu yuko kwa Mama Cherehani na nina kama saa moja.

Kamanda alikuja alasiri. Alizunguka sana, mara hali ya hewa, mara mgongo, mwisho akatoboa. Mkewe amekataa ngazi. Amesema hapandi tena hata kwa kubebwa. Anataka la chini, kama letu. Kamanda angeweza kununua jipya, lakini mkewe anataka lile lile, maana ameshaliona likifanya kazi. Yuko tayari tubadilishane: mimi nimpe la kufyatuka, yeye anipe la juu ya gari, jipya, na ngazi yake.

Nilijizuia nisiruke. Hema kubwa namna ile! Lenye dirisha darini! Nikamwambia shemeji, mimi nina huruma, chukua. Nikamletea na vigingi. Alipakia upesi, akakimbia, hata chai niliyommiminia hakuigusa. Maskini, hajui alichopoteza.

Mke wangu bado sijamwambia. Liko hapa uani, chini ya turubai. Akirudi nataka alikute liko juu ya gari tayari, limefunguliwa, ngazi imeshuka, na mimi nimeketi juu. Muuzaji mwenye miwani mbili nilimpigia simu kumtambia, akaniuliza paa la gari langu linabeba uzito gani. Yule mtu kwa maswali!

Gari letu ni dogo kidogo, kweli. Lakini nimelipima kwa macho. Linatosha.