Ombi la Kufukuzwa Kazi Kikamilifu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Mifumo ya Maduka ya Dawa,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kioo (ule unaokwama).

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUFUKUZWA KWANGU NUSUNUSU

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote waliobaki ghorofa ya tatu. Mimi pia ni mzima, ukiacha usingizi na heshima ya mtaani, ambavyo nitavieleza hapa chini.

Mimi ndiye yule mhandisi wa programu uliyemuaga katika chumba kidogo cha mikutano. Wewe ulikuwa kwenye skrini kwa sababu ulikuwa safarini, nami nilikuwa mbele ya skrini nikiwa na chupa ya maji niliyopewa na Rasilimali Watu. Huenda umenisahau. Tulikuwa wengi siku ile, na mimi uliniita kwa jina la mwenzangu. Sina kinyongo. Niliitika tu, maana mwenzangu alikuwa analia na asingeweza kuitika.

Uliongea maneno mazuri sana. Ulisema sisi ni familia. Ukasema familia imeelemewa na gharama, na kwamba kuanzia sasa programu zitaandikwa na akili bandia, kwa kuwa haili, hailali, wala haiombi ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Ukamalizia kwa kusema tuko huru. Hapo ndipo penye lalamiko langu, Mheshimiwa, kwa sababu mimi siko huru hata kidogo. Nimefukuzwa, ndiyo, lakini kazi ya kunifukuza imelipuliwa. Naomba, kwa heshima na taadhima, irudiwe na mtu anayeijua.

Naorodhesha hoja zangu ili mwanasheria wako asipate taabu.

1. Sauti yako imo mfukoni mwangu.

Kama unavyojua, au kama hujui maana hukuwahi kuuliza, mfumo wetu ndio unaowaambia wauza dawa ni dawa gani ipo na ipi imekwisha. Ukikwama, wanabaki kutazamana na wagonjwa. Ndiyo maana niliutengenezea kengele. Ukikwama tu, simu ya mhusika inapiga kelele mpaka aishike. Mhusika ni mimi, na kelele yenyewe ni wewe.

Tafadhali usikasirike. Ni ile siku ulipoingia ofisini mbio, tai imerukia begani, ukapiga ukelele: "Jamani, wateja wanalia!" Uliporudia niliirekodi sauti yako, kwa sababu katika maisha yangu sijasikia kitu kinachonishtua haraka namna ile. Sasa kazi nimefukuzwa lakini sauti yako haijapewa taarifa. Inaniita nikiwa jikoni. Inaniita nikiwa bafuni na sabuni machoni. Imeniita hata mazishini. Marehemu alikuwa mwenye duka la mtaani kwetu, tumeinamisha vichwa, kimya kabisa, mara mfukoni mwangu: "Jamani, wateja wanalia!" Na kusema kweli walikuwa wanalia. Lakini mjane alinitupia jicho ambalo sitalisahau, na tangu siku hiyo nikienda dukani kwao nauziwa mkate wa jana.

2. Siwezi kujiondoa mwenyewe.

Utauliza kwa nini nisijitoe kwenye hiyo kengele, mambo yaishe. Jina la mtu hutolewa na msimamizi wa mfumo peke yake. Msimamizi wa mfumo ni mimi. Siku ile tulipoagana, hata lifti sijaifikia, mlinzi alikuwa ameshachukua kitambulisho changu na Rasilimali Watu wameshafunga akaunti yangu. Kwa maneno mengine, mmemfungia nje mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunifungia nje.

Nimeandika barua pepe kuomba msaada. Ilinijibu akili bandia yenu. Ilinishukuru kwa uvumilivu wangu, ikaniambia kwamba suala hili ni zito na linahitaji mtaalamu, ikanipa namba ya mtaalamu huyo. Nikaipiga. Simu ilikuwa inatumika, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naitumia.

3. Subiri Kidogo.

Kengele ikishalia, hazipiti dakika nyingi ananipigia Subiri Kidogo. Huyu ni yule bwana wa meza ya pembeni mliyembakiza kwa kuwa mshahara wake haufiki popote. Jina lake halisi wewe hulijui na sisi tulishalisahau, kwa jinsi neno hilo lisivyomtoka mdomoni. Ni mtu mwema, simsengenyi. Yeye anafungua mfumo, mimi namsomea cha kuandika, naye anaandika kwa kidole kimoja. "Subiri kidogo, kaka, hayo mabano ya duara au ya pembe?" Nimemsomea mabano nikiwa nimembeba mtoto anayetapika. Nimemsomea mabano nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, mpaka kinyozi naye akaanza kutoa ushauri.

Mheshimiwa, mke akishapewa talaka haitwi jikoni kila wageni wanapobisha hodi. Akiitwa, basi kuna swali la kujiuliza kuhusu talaka yenyewe. Mimi nimekuwa mtalaka anayepika.

4. Ukweni na kwa mama.

Baba mkwe alikuja kunipa pole. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuheshimu wakubwa mpaka picha zao. Tumekaa sebuleni, ananiliwaza, ananiambia, mwanangu, kazi ni kazi, kuna shule hapa jirani wanatafuta mtu wa kuwarekebishia printa, wewe si unajua kompyuta? Kabla sijameza hilo la printa, ukapiga kelele wewe. Mzee akasimama wima, akafunga kifungo cha koti, akageukia mlangoni kukuamkia. Alipoona hakuna mtu aliketi taratibu, akamuuliza binti yake mbele yangu: "Huyu kafukuzwa kweli, au anatoroka kazi?" Tangu hapo mke wangu ananidai ushahidi, na mimi ushahidi sina. Nina kikombe tu mlichonipa, kimeandikwa "Asante, Mwanafamilia."

Mama yangu naye alikuwa kwenye foleni ya dawa zake za presha siku mfumo ulipokwama. Mtu mwingine angenyamaza. Mama aliwatangazia watu wote kwamba aliyeutengeneza mfumo huo katoka tumboni mwake, akawagawia namba yangu. Sasa wagonjwa hawapitii kwenu tena, wananipigia moja kwa moja. Kuna bibi mmoja ananieleza habari za magoti yake, goti moja baada ya jingine, na mimi namsikiliza, nifanyeje?

5. Kazi mpya, ambayo nimeipata na sina.

Hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Tangu mniage, natafuta kazi kwa bidii zote. Nimetuma wasifu wangu kila mahali penye anwani. Kampuni moja iliniambia uzoefu wangu umezidi, nyingine ikaniambia umepungua, na nilikuwa nimewapelekea karatasi ileile. Nimesimamishwa ubaoni na kundi la watoto wanaoweza kuwa wadogo zangu wa mwisho, nikaandika programu kwa kalamu iliyokauka wino, wakanong'onezana, wakaniambia watanipigia. Hawakupiga. Kwenye simu yangu unapiga wewe tu.

Mpaka Jumatatu iliyopita. Nilienda kwenye usaili katika ofisi moja safi, yenye madirisha yanayofunguka. Aliyenihoji ni mkuu wa wahandisi, mama mmoja mpole, miwani kaining'iniza shingoni. Hakunipeleka ubaoni. Aliniuliza nimefanya nini maishani, nikamweleza, tukacheka, tukaelewana. Akauliza kwa nini niliondoka kwenu. Nikasema kampuni ilipunguza watu. Akauliza kama nimeshapoa. Nikamjibu nimepoa kabisa, yale yamepita, siyafikirii tena. Mdomo haujafunga, mfukoni: "Jamani, wateja wanalia!"

Niliomba radhi nikatoka kwenye korido, karibu na mtungi wa maji. Subiri Kidogo alikuwa ameshapiga. Mheshimiwa, siku hiyo hasira zilinipanda. Kila siku huwa namwelekeza aweke kiraka, mfumo unaamka, tunalala. Siku hiyo sikutaka viraka. Nilimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye mstari wenyewe wenye ugonjwa, nikamweleza ulifikaje pale na kwa nini unaua kila kitu, nikamsomea mwingine wa kuweka badala yake, herufi kwa herufi. Akasema subiri kidogo. Nikamwambia leo sisubiri. Nilikuwa napiga kelele, nakiri, watu wa mapokezi walisimama.

Niliporudi chumbani, shati limelowa jasho, yule mama alikuwa amesikia yote. Hakukasirika. Alisema kazi nimeipata, ila yeye hachukui mtu wa mwenziwe. "Kaka yangu, wewe bado una kazi," akaniambia. "Nenda ukaachwe vizuri, uniletee barua." Kiti changu kitanisubiri mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anaita mwingine.

Mke wangu nilipomweleza alilia kwa furaha. Ameshapita njia ya kwenda ofisi hiyo kuona nitatoka nyumbani saa ngapi. Ameshamwambia dada yake, maana yake ameshauambia ulimwengu. Watoto wameambiwa baba amepata kazi na wameanza kuniogopa tena. Kilichobaki ni karatasi moja kutoka kwako.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Niandikiwe barua inayosema nimefukuzwa wote, kuanzia kichwani hadi simuni. Neno "familia" lisionekane popote.

(b) Kama barua haitoshi kisheria, nifukuzwe upya mbele ya wafanyakazi, ukiwapo mwenyewe na siyo skrini yako, na uniite kwa jina langu. Mlinzi naye anitoe kwa nguvu. Mara ya kwanza alinibebea boksi hadi nje na kuniuliza hali ya watoto, na nadhani hapo ndipo uzembe ulipoanzia.

(c) Kama jina langu halitoki kwenye kengele, basi urekodi upya sauti yako ukisema: "Haikuhusu!" Mfumo ukikwama nisikie hivyo, nigeuke upande wa pili.

(d) Yote hayo yakishindikana, niajiriwe tena kwa siku moja. Nirudishiwe akaunti yangu, nikae kwenye meza yangu ile ya dirishani, nijifukuze mwenyewe kitaalamu, kisha niage. Nitakuja na kikombe changu.

(e) Na kama hata hilo ni gumu, sioni njia nyingine ila mfukuzwe ninyi nyote, kuanzia juu. Kampuni ikishakosa watu, na mimi nitakuwa sina pa kuitwa. Nimelifikiria hili sana na sijaona kasoro yake.

Nisalimie mlinzi, umwambie mtoto alipona. Nisalimie dada wa mapokezi, na yule mama wa usafi aliyekuwa akinifichia kiti kisichoyumba. Nisalimie mhasibu, ingawa yeye alikuwa wa kwanza kujua na bado alikula maandazi yangu asubuhi ile. Nisalimie Subiri Kidogo. Akili bandia yenu sina salamu nayo, lakini ukipenda iambie yule mtaalamu wake ameitika.

Nikitumaini kuachwa haraka, na kwa wema,

Ni mimi,
Mhandisi wako wa zamani, nusu.

Nyongeza: Mke wangu amesimama mlangoni anangoja bahasha aipeleke posta mwenyewe, kwa hiyo naandika haraka kabla hajasoma. Nilikuwa narudia barua hii kutoka juu ndipo nikashtuka kwamba simu haijalia tangu siku ya usaili. Nilidhani imekufa. Nikamwomba mke wangu anipigie, ikaita vizuri tu. Nikapiga duka la dawa la mama. Wakasema mfumo unakwenda kama maji, wamesahau ulivyokuwa ukikwama. Nikampigia Subiri Kidogo. Akasema kaka, tangu uliponisomea ule mstari hakuna kilichosimama tena, jina lako lipo palepale kwenye kengele, ila hakuna cha kukuitia. Kisha akaniomba radhi, anaingia kikaoni, akakata. Hata hakusema subiri kidogo.

Mheshimiwa, nauliza tu. Hawalii kabisa? Hata mmoja? Ile barua ya kufukuzwa isikutoe kwenye shughuli zako, hakuna haraka yoyote. Nipo nyumbani. Simu nimeiweka mezani mbele yangu, na sauti nimeifungulia mpaka mwisho.