Buluu ya Leso

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kasema nipange mambo yangu. Ninalo moja tu: Kidevu, mwenzangu wa maabara. Tulikuwa tukimulika fuwele kwa taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na kupima mwanga unaorudi. Fuwele yangu ilitoa buluu. Nikasema inatoka ndani, penye mapengo ya atomi. Kidevu akasema ni uchafu wa juu tu. Mimi nikapewa uprofesa. Yeye akapelekwa stoo, akagawa chupa mpaka akastaafu. Nimemwita. Lazima ajue kabla sijafa.

Jumanne, 5 Machi
Nimejizoeza mbele ya kioo: "Ndugu yangu, ulikuwa sahihi." Nimeibadilisha: "Hukukosea sana." Afadhali.
Nilijua baada ya kumzika mke wangu. Nilikuwa napanga vitu vyake, nikawasha ile taa nione kama bado ni nzima. Leso zote za mfukoni alizonifulia zikawaka. Buluu ile ile! Ilikuwa sabuni yake ya kung'arisha nguo iliyobaki kwenye kitambaa. Na fuwele nilizifuta kwa leso hizo, miaka yote. Nimebakiza moja, ya mwisho kufuliwa na mikono yake. Siigusi.

Alhamisi, 7 Machi
Kidevu kaja na mkongojo. Sijafungua kinywa, kaniomba radhi. Eti alinionea kijicho, eti sasa anakubali buluu ilikuwa ya ndani. Binti yangu, anayejua yote, akanikodolea macho. Nikakohoa. Kikohozi kikakataa kuisha. Mwishowe nikamwambia nimemsamehe. Akalia. Nami nikalia, kwa sababu zangu.
Binti aliporudi kutoka kumsindikiza akaniambia, "Baba, wewe huna haya hata chembe."

Ijumaa, 8 Machi
Kidevu kapiga simu. Mtoto wa jicho anammaliza. Anaomba aione buluu ile mara moja tu. Nimeijaribu fuwele. Giza tupu. Binti kaiosha kwa spiriti. Anadai ilikuwa na vumbi. Basi, kesho nasema ukweli. Sina njia nyingine.

Jumamosi, 9 Machi
Kidevu yuko sebuleni, anamtania binti kwamba chai yake ni maji yaliyosimuliwa habari za majani.
Nimeitoa leso. Ilikuwa bado na harufu ya kabati la mke wangu. Nimeitia mate, nimesugua fuwele mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa leso inanuka mimi.
Nimezima taa ya chumba, nimewasha ile ya urujuanimno. Fuwele inawaka buluu. Nzuri mno.
Nimemwita aingie. Ukweli nitamwambia Jumatatu.