Saini ya Mtu Mkubwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimerudi! Nimerudi moja kwa moja, na leo ndiyo siku ya kwanza ya utajiri wangu. Nimeamka kabla ya dada, jambo ambalo halijapata kutokea. Nimevaa suti. Nimejitazama kwenye kioo chake cha wateja, mbele, nyuma, ubavuni. Wacha wee! Mwanamume!

Hali ilivyo ni hii. Miaka yote niliyofunga maboksi ughaibuni (hapa nimewaambia nilikuwa kwenye usafirishaji wa kimataifa, na ni kweli, maboksi yalisafiri), kila mwisho wa mwezi nilituma pesa kwenye akaunti yangu ya hapa nyumbani, niliyoifungua kabla ya kuondoka. Sijatoa hata senti. Akaunti ya kule nimeifunga kwa mbwembwe, nikampungia karani mkono. Kwa hiyo kila nilicho nacho duniani kiko kwenye benki ya pale njia panda, ile yenye mlango wa kioo.

Na pesa hizo zina kazi. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Chumba anachoshonea ndicho kilichonilipia tiketi ya kuondokea, nguo moja baada ya nyingine. Sasa mwenye nyumba anakiuza. Amempa dada mpaka Ijumaa saa sita mchana. Asipolipa, anamuuzia Bwana Mabati, jirani muuza mabati, anayetaka kukigeuza stoo. Nimemwambia dada aendelee kushona, atulie kama malkia, mdogo wake yupo. Alinitazama kidogo, akasema haya.

Benki. Binti wa dirisha la tatu akaniita mzee wangu. Mimi! Nikamsamehe. Nikashika kalamu kwa mkono wangu wa kushoto, nikatia saini yangu ya kule: kijistari chenye mkia, kile tulichokuwa tukichora kwa kidole tunapopokea mizigo. Akatazama kompyuta. Akanitazama. Akaniambia kwa upole kwamba saini hii hailingani na ile niliyoiacha. Alipogeuza kompyuta kidogo nikaiona kwa mbali. Loo! Vitanzi, nukta, mstari chini, na kitu kama nyota! Enzi hizo nilikuwa na uhakika nitakuwa mtu mkubwa, nikajitengenezea saini mapema.

Binti akasema hakuna shida, ipo fomu ya kubadilisha saini, nilete pasipoti na picha, ni dakika kumi tu. Nikacheka. Fomu! Mimi nimekaa ughaibuni, fomu nazijua, ukijaza moja inazaa tatu. Isitoshe, mtu wa hadhi yangu hawezi kukiri mbele ya foleni nzima kwamba ameisahau saini yake. Nikamwambia nimechoka na safari, nitarudi kesho nikiwa nimepumzika. Akanionya kwamba nikikosea mara tatu akaunti inafungwa mpaka makao makuu waidhinishe. Moja imeshakwenda. Zimebaki mbili, na mimi nahitaji moja tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mazoezi tangu asubuhi! Nimechukua chaki ya dada na karatasi zake za kukatia vipimo. Kitanzi cha kwanza kikagoma. Cha pili kikaja. Cha tatu kikateleza chenyewe, na hapo mkono ukachangamka. Nikasaini karatasi. Nikasaini meza. Nikasaini kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya meza. Kumbe gauni la bibi harusi! Dada akapiga ukelele uliowatoa watu madukani. Nikamwambia chaki inapanguswa. Akaniambia hii ya bluu haipanguswi. Nikakimbizwa na rula ya mbao mpaka barabarani, nikaona nielekee benki tu kwa kuwa nilishaanza kukimbia.

Foleni. Nageuka nyuma, nani? Bwana Mabati, anatabasamu meno yote nje. Akanikaribisha nyumbani. Akaniuliza kama nimemwona fundi rangi mzuri, maana stoo yake mpya itahitaji rangi. Stoo yake mpya! Damu ikanichemka.

Nikatia saini kwa hasira, vitanzi vitatu, nukta, nyota, mstari. Binti akaikagua. Akasema vitanzi nimejitahidi, ila mkia wa saini halisi unapanda na wangu unashuka, halafu nyota yangu ina miguu mingi mno. Akanikumbusha habari ya fomu, safari hii kwa sauti, na foleni yote ikasikia. Nikamjibu kwamba fomu ni za watu wasio na msimamo.

Hapo ndipo nikaona. Dirisha la pili, Bwana Mabati hakushika kalamu kabisa. Alibandika dole gumba kwenye kimashine, pwa! Akahesabiwa noti zake, akaondoka anapiga mluzi. Dole gumba! Mara moja kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Nimerudi nyumbani nusu natembea nusu naruka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Dada amedarizi maua juu ya saini yangu kwenye lile gauni. Bibi harusi ameyapenda mno. Sijashukuriwa.

Lakini leo nina jambo kubwa zaidi. Nimejifunga mkono! Nimetumia vipande vya bitana, tabaka juu ya tabaka, nikauning'iniza shingoni kwa tai. Mtu asiyeweza kushika kalamu watamfanyaje? Watamletea kimashine cha dole gumba, hawana njia nyingine. Akili kama hii kule walinipa nifungie maboksi!

Nilipoingia, benki nzima ikageuka. Mlinzi akanishikia mlango. Mama mmoja akaniachia zamu yake. Binti akatoka kabisa nyuma ya dirisha, akaniletea kiti na glasi ya maji, pole mzee wangu, pole sana, nini kimekusibu? Nikamwambia ni mlango wa gari. Halafu nikasema nilianguka kwenye ngazi. Nadhani nilisema vyote viwili. Kwa pole zile nilikaribia kulia mwenyewe.

Akafungua droo atoe kimashine. Moyo unanidunda kwa furaha! Kisha akasita. Akauliza taratibu, mbona jana na juzi nilitia saini kwa mkono wa kushoto. Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Mzima kabisa. Ulikuwa umeshika glasi.

Sasa ningefanyaje? Tangu utotoni mkono wangu wenye akili ni huo wa kushoto, ndio unaojua kufunga. Ungejifunga wenyewe vipi? Mtu halielewi jambo hili mpaka ajaribu. Mlinzi aliangua kicheko mpaka kofia ikamwanguka. Nimetoka nikichechemea, sijui kwa nini, maana mguu haukuwamo kwenye hadithi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mbinu mpya! Ikiwa benki haiendi mbio, basi Bwana Mabati apunguziwe mwendo. Asubuhi nimekwenda dukani kwake, nikamvuta pembeni kama ndugu. Nikamnong'oneza kwamba chumba kile paa linavuja vibaya sana, mvua ikinyesha dada anashona huku ameshikiwa mwavuli. Akaguswa. Akanishika bega, akanishukuru kwa uungwana wangu. Nikatoka nikijipongeza, nikajinunulia soda baridi.

Soda sijaimaliza, Bwana Mabati huyo, na ngazi begani! Nilisahau kwamba paa linalovuja kwake si balaa, ni mteja. Akapanda. Akagonga bati moja moja, anasikiliza, anagonga. Akashuka uso unang'aa. Akatangaza mbele ya mwenye nyumba, dada na wateja wawili kwamba hajapata kuona paa zima namna ile, na kwamba pesa ziko tayari, kesho saa sita atakuwa mlangoni. Mwenye nyumba akamkumbatia. Mimi nikajitia kutafuta kitu chini ya meza.

Jioni dada alizima cherehani. Akaanza kupanga nyuzi zake kwenye katoni, rangi kwa rangi. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Aliniuliza kama pesa ninazo au sina. Kama sina niseme tu, hatanichukia, lakini ana nguo za watu humu ndani na lazima ajue kesho atazipeleka wapi. Nikamwambia ninazo. Akauliza ziko wapi basi. Nikasema ziko benki, zote, ila mimi na benki bado hatujaelewana juu ya maandishi.

Akanitaka nieleze. Nikaeleza yote, mpaka habari ya mkono. Akaketi chini, akajifunika uso kwa kitambaa. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwamo. Niliona aibu, tena aibu kweli, kwa sababu nampenda sana dada yangu na alikuwa amechoka. Amesema kesho twende wote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

USHINDI! Naandika hata suti sijaivua!

Tulifika kabla benki haijafunguliwa. Dada alinishika mkono kama siku aliyonipeleka shule mara ya kwanza, na hakuuachia mpaka dirisha la tatu. Akamsalimia binti, akamwita mwanangu, akamwambia ile fomu tunaiomba. Binti alikwisha kuiandaa. Tangu Jumatatu, alisema. Pasipoti, picha mbili, dole gumba (pwa! Hata mimi nimebandika!), kisha nafasi ya saini mpya.

Nikakunja mkono wa koti. Nikanyoosha vidole. Kitanzi cha kwanza nilishakiona kichwani, kinapendeza. Dada akanikanyaga mguu kwa kisigino. Akasema niandike jina langu, basi. Jina tu! Kama mtoto wa darasa la kwanza! Nimeandika, huku uso unaniwaka. Binti akagonga mhuri, akaniambia akaunti iko huru. Dakika kumi hazikutimia.

Akaleta karatasi ya kuhamisha pesa kwenda kwa mwenye nyumba. Nikaandika jina tena. Likatoka vilevile! Binti akanipongeza, na dada akamwambia asinisifu sana.

Mwenye nyumba alipata ujumbe kwenye simu akiwa mlangoni pa chumba. Aliusoma mara mbili, akavua kofia. Tukaandikiana mauziano palepale juu ya meza ya kukatia, na mahali pa mnunuzi likaandikwa jina la dada. Ndipo Bwana Mabati akatokea, anahema, mkoba kwapani. Nikampa pole. Nikampa pole mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa tamu mno.

Dada alizirudisha nyuzi rafuni. Akawasha cherehani, akachukua kipande cha kitambaa kisicho na kazi yoyote, akakishona kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, machozi yanamtoka. Akaniambia nimekuwa mtu. Nimerudia maneno hayo kichwani jioni yote.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimewaza mwisho wote wa juma, na nimefikia uamuzi. Pesa iliyobaki si haba: kuna ya fundi umeme, kuna ya mlango mpya, kuna ya cherehani niliyomwahidi dada. Je, mtu aliyenunua jengo (chumba ni jengo) aendelee na benki inayomjua kwa kuandika jina kama mtoto wa shule? Benki ambayo mlinzi wake, kila akiniona, anauliza hali ya mkono? Aka!

Ng'ambo ya barabara kuna benki mpya. Ina zulia! Kijana wa mapokezi ameniita mheshimiwa bila kuombwa. Dada alikuwa amekwenda kununua vifungo, kwa hiyo nimefanya kila kitu kwa utulivu. Nimetoa pesa zote kule, nimevuka nazo, nimeziweka huku. Kisha nikaletewa kadi ya saini. Nyeupe pe! Na hapakuwa na wa kunikanyaga.

Mkono ukaondoka wenyewe! Vitanzi, mawimbi, cherehani ndogo kwa heshima ya dada, halafu mkia unaopanda, ukashuka, ukapanda tena. Kijana akaigeuza kadi juu chini. Akauliza kama ningependa kuijaribu mara moja zaidi kwenye karatasi ya pembeni kabla hajaipeleka ndani. Nikamwambia mtu hasahau mkono wake mwenyewe. Akaichukua, akaenda nayo.

Fundi umeme anakuja kesho asubuhi, anataka malipo ya kwanza mkononi. Dada ameuliza kama pesa iko tayari. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, iko mahali pazuri kuliko pote. Sasa hivi nimeijaribu saini hapa pembeni mwa ukurasa, kwa raha zangu tu. Vitanzi vitano. Au vilikuwa sita? Na ile cherehani ilitazama upande gani? Haidhuru. Kalamu hii ndiyo mbovu. Kesho nanunua nyingine.